Askari wa Papa Valère Wanavishwa Rangi

Jumapili, 23 Juni 1974

Aibu tupu! Watu wa Kabimba wameondoka na mashua yao alasiri, na kicheko chao nimekisikia mpaka walipopotea nyuma ya gati. Kushindwa si neno, kushindwa tumezoea. Walicheka askari wetu wa mezani. Germain, kapteni wao, alimshika mmoja kwa vidole viwili, akamgeuza kwenye mwanga, akauliza kwa upole kabisa:

— Huyu ni muntu ao musumari?

Watu wakashika mbavu. Hata Omer wetu. Msaliti!

Lakini ni kweli, wako uchi. Papa Valère anawamimina mwenyewe, kwa risasi kuukuu anazonunua kwa wavuvi, zile zinazofungwa chini ya nyavu zizame. Kalibu aliachiwa na mhandisi mmoja Mbelgiji wa reli, pamoja na mchezo wenyewe. Wanatoka wa kijivu, urefu wa kidole gumba, wote uso mmoja. Tukiwapanga kwenye meza kubwa, kati ya vilima vya unga wa mbao na mto Lukuga wa rangi ya buluu, huwezi kujua nani wa nani. Leo mwenzetu Basile amesukuma kikosi cha adui karibu mchezo mzima bila kujua. Tena kilikuwa kinashinda!

Ndiyo vita vyetu vya Jumapili, baada ya misa. Watu wazima na rula na dadu. Mama yangu anasema ni kazi ya watu waliokosa shamba la kulima.

Basi nikasimama. Sijui nini kilinisukuma. Nikasema Kabimba wanarudi tarehe 18 Agosti, na siku hiyo askari wetu wote watakuwa wamevaa. Tufanye shindano la rangi! Papa Valère ni rais wa klabu yetu, na aliendesha treni miaka na miaka. Alifumba macho kama vile anasikiliza injini. Halafu akasema:

— Bon. Katibu njo ataongoza.

Katibu ni mimi.

Jumanne, 25 Juni

Masharti nimeyabandika kwenye mlango wa Papa Valère. Shindano si la wachezaji tu. Ni la mtaa mzima. Anayetaka achukue askari, awapake, awarudishe Jumapili ya tarehe 11 Agosti. Asiyepakwa hachezi. Na kila aliyepakwa apewe jina, liandikwe chini ya kitako chake. Hilo nimelitunga mimi. Kitu chenye jina hakitupwi kwenye sanduku la misumari.

Wakati mzuri pia. Tangu Leopards wetu wafungwe mabao tisa kule Ulaya, hakuna mwanamume anayetaka kutaja mpira. Wanatafuta pa kuweka macho.

Jumamosi, 6 Julai

Shule imefungwa, sina wa kufundisha, nina siku zangu zote. Nimezunguka mji mzima kuomba rangi kama mtawa anayeomba mchango. Buluu na nyeupe — karakana ya mashua. Nyekundu ya kutu — watu wa mabehewa. Kijani ni mabaki ya milango ya shule yetu (hakuna aliyeniona). Lucie, wifi yangu, katoa rangi ya kucha, chupa nzima ile ya waridi. Burashi tunafunga wenyewe, nywele za mbuzi kwenye njiti ya kiberiti.

Sikutegemea! Watu wamekuja hata wasiojua dadu ni nini. Wake wa wachezaji. Fundi wa baiskeli. Mama mmoja muuza ndakala kachukua wanane, kasema vidole vyake vinanuka samaki lakini havitetemeki.

Nikipita mtaani jioni naona watu kwenye baraza, vichwa vimeinama, ulimi nje kidogo, mji umetulia. Ziwa nalo limetulia. Ng'ambo haionekani majira haya, kwa moshi wa majani yanayochomwa milimani. Maji yanakwenda tu mpaka yanakuwa mbingu. Nilisimama pale karibu na kituo nikasahau nilikotumwa. Niliwaza: askari wetu wakishapata rangi, watashuka mezani mmoja mmoja, watakwenda ziwani kunawa uso. Nikarudi nyumbani bila chumvi. Mama kanisema mpaka basi.

Alhamisi, 11 Julai

Papa Valère alinivuta pembeni. Germain ametuma neno tena. Ni mara ya pili. Anamtaka Lucie, anataka kufanya mambo yote kwa heshima, aje na wazee wake, amtoe kwetu mchana kweupe. Lakini wa kumtoa ni nani?

Lucie ni mke wa kaka yangu Firmin. Anaishi nasi, chumba cha nyuma, na cherehani yake. Firmin alitoka nyumbani Agosti ya 1964, siku za vita, mji ulikuwa bado unaitwa Albertville. Alikwenda kufuata baiskeli yake kule kituoni. Mtu mmoja alimwona gatini, anapanda mashua ya Kigoma. Mtu mwingine alimwona juu ya lori, njia ya Kabalo. Wote wawili si waongo. Baiskeli ilirudi.

Mama hataki kilio. Maiti haikuletwa, kwa hiyo hakuna aliyekufa, na mtu asilie katika nyumba yake! Bila kilio, Lucie haogeshwi ujane. Bila kuogeshwa ni mke wa mtu. Miaka kumi mke wa mtu. Kila Jumapili Mama anampakulia Firmin sahani yake, anaifunika, halafu jioni tunaila sisi. Samaki wa Firmin ndiye mkubwa kuliko wetu.

Nilimwuliza Papa Valère kwa nini asimwambie Mama mwenyewe. Akasema aliendesha treni kwenye daraja la Lukuga wakati wa mafuriko, lakini lile hawezi.

Na mimi? Nampenda Lucie kuliko dada wa tumbo moja. Nataka aende. Sitaki aende. Na siku Mama akilia, Firmin atakuwa amekufa siku hiyohiyo, si zamani. Hilo ndilo linanitia baridi.

Jumapili, 14 Julai

Hakuna mchezo. Askari wote wako nje, manyumbani. Meza tupu na Lukuga katikati yake. Tulikaa tukaiangalia, wanne, na chai. Ilikuwa nzuri sana hivyo tupu. Omer akasema: hii ndiyo amani, inachosha.

Ijumaa, 19 Julai

Omer anawapaka wake abakosti, zile suti za serikali! Wote, kola mpaka juu, utadhani wanakwenda mkutanoni. Nimemwambia vitani hawavai hivyo. Kasema yeye ni karani wa forodha, anajua jinsi mtu anavyovaa ili asiulizwe maswali.

Lingine zuri. Majina. Watu wanawapa askari yale majina ya ubatizo tuliyovuliwa kwa amri ya serikali. Shuleni mimi ni Citoyenne Banza, yaani mwananchi Banza, hapa nyumbani bado ni Émérence. Kila mtu ana jina lake la ndani namna hiyo, na sasa limepata pa kukaa, chini ya kitako. Nilipindua sita kwa yule mama wa ndakala: Cyrille, Fidèle, Damien, Élisabeth... Nikasema Élisabeth ni mwanamke. Akasema ndiyo, na ana mkuki.

Jumatano, 24 Julai

Mama alikuwa anachambua majani ya sombe. Hakuniangalia.

— Munipe moja.

— Moja ya nini, Mama?

— Ya wale watu yenu. Moja tu. Nitaipaka.

Yule aliyekuwa anatucheka! Nilifurahi mno, nikakimbia kwa Papa Valère, nikachagua aliyetoka vizuri kuliko wote, asiye na kovu la kalibu. Nikamwekea na burashi nyembamba na kijani na nyekundu. Mama alivisukuma vile vikopo kando.

— Manjano iko wapi?

Manjano hatuna. Hakuna mtu aliyeomba manjano. Nimesimama pale na kikopo cha kijani mkononi, na pole pole nikaelewa. Firmin alitoka na shati la manjano.

Nilikwenda kutafuta manjano.

Ijumaa, 2 Agosti

Manjano imepatikana, tone kwenye kopo la mafuta, kwa wachora vibao vya maduka. Wiki nzima Mama anahangaika nayo. Anaichanganya na nyeupe, anaipaka kwenye ukucha wa kidole gumba, anatoka nje juani, anaiangalia, anafuta.

— Hapana hii. Ile shati ilikuwa imefuliwa sana. Niliifuaka miye.

Anaongeza nyeupe. Anatoka tena juani. Chakula kinaungua na hajali. Mimi nakaa kwenye ngazi, najifanya nasahihisha daftari za watoto wakati shule imefungwa. Mama hajanicheka hata kwa hilo.

Leo ikapatikana. Alirudi ndani na ukucha wake mbele, amenyoosha mkono, ananionyesha bila kusema. Na mimi nikaiona! Shati lenyewe, kwenye kamba, linapepea upande wa ziwa. Sikuwa nimelikumbuka miaka yote hii.

Alipopaka, Lucie alikuwa nyuma yetu, mlangoni. Heshima ya mkwe — haingii pale Mama alipokaa. Akasema taratibu, macho chini:

— Mama, munisamehe. Mukono ya kuume ilikuwa na kiraka. Buluu. Niliishonaka siku ile asubuyi.

Mama akasogeza kikopo cha buluu mpaka ukingo wa meza, upande wa Lucie, na askari, na burashi. Lucie akapaka kiraka palepale mlangoni, nusu nje nusu ndani. Kidogo kuliko punje ya mchele.

Mama anakumbuka rangi. Lucie anakumbuka kiraka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, tulikula sahani moja, na uso wake siukumbuki. Nimejaribu mchana kutwa. Naona mgongo wake anatoka mlangoni, naona shingo. Nasema: geuka. Hageuki. Nina huzuni isiyo na mahali pa kuiweka.

Jumapili, 11 Agosti

Siku ya maonyesho! Watu walianza kuja misa haijaisha (padri atajua). Tumewapanga wote mezani, na nilipofungua madirisha, jua likaingia kwa ubavu... Mungu wangu. Wekundu wa mabehewa wote kwenye kilima. Kijani cha shule yangu kando ya mto. Abakosti za Omer, nyeusi, zinang'aa, kama vile mkutano umeanza. Wa mama wa ndakala wana vitenge! Vitone vya waridi, rangi ya kucha ya Lucie, kila mmoja na kitenge chake. Papa Valère alizunguka meza mara nyingi, mikono mgongoni. Akasema amewaona mara elfu na leo ndiyo amewaona.

Lakini shida! Sikufikiria. Mimi na sheria yangu ya majina!

Nikasema tujaribu kuwapanga kwa vita vya Jumapili ijayo. Nani mbele? Hakuna. Watu wamewapa askari majina ya watu wao. Fundi wa baiskeli hataki baba yake mdogo asimame mbele, ana ugonjwa wa moyo. Mama wa ndakala anasema Élisabeth ni dada yake na ana mimba. Na Basile ndiye kiboko: kampa mmoja jina la baba mkwe wake, kwa kujipendekeza. Sasa hawezi kumgusa! Hawezi hata kupita mbele yake. Kila akitaka kusogeza kikosi, anageuza uso na kuomba mtu mwingine amsukumie mkwe. Omer alicheka mpaka akatoka nje.

Tukabaki hivyo, jeshi zuri kuliko yote ya ziwa hili, na hakuna wa kupigana.

Ndipo Mama akaingia. Hajawahi kuingia humo. Amevaa kitenge cha misa, askari wake kwenye kiganja. Watu wakampisha. Aliangalia meza yote, taratibu, kama anayetafuta mtu kwenye umati wa gatini. Akamweka mbele kabisa, pale tunapovukia Lukuga, peke yake.

— Firmin hakukaaka nyuma ya watu, akasema.

Kila mtu pale anajua Firmin ni nani na shati lile ni nini. Tuzo ya kwanza tumempa yeye, bila kura. Hakuna aliyepinga. Alikataa sabuni ya tuzo, akasema apewe mama wa ndakala, kwa ajili ya vidole.

Alhamisi, 15 Agosti

Misa ya Bikira Maria. Uimbaji mzuri, upepo mkali, vitambaa vya kanisa vinapigapiga.

Papa Valère alikuja nyumbani baadaye, kofia mkononi. Alizunguka sana. Upepo, bei ya mafuta, goti lake. Mwishowe akasema labda yule askari wa Mama Virginie (ndivyo anavyomwita mama yangu) abaki akiba, nyuma, kwa sababu pale kivukoni ndipo Kabimba wanaingilia siku zote. Dadu ni dadu. Moja, mbili, tatu — anaanguka.

— Na ine, tano, sita?

— Anasimama, Mama.

— Basi.

Papa Valère akanigeukia nimsaidie. Nikaangalia nje. Mama akamwongezea chai, akasema kitu ambacho bado kiko masikioni mwangu: kwamba tangu siku ile watu wanamwambia labda. Padri labda, msimamizi wa mtaa labda, na mwanawe Émérence labda. Ameshiba labda.

Lucie hakula leo. Anashona shati la mtu, anafumua, anashona. Nilimwuliza anataka nini yeye mwenyewe, moyoni. Akasema anataka kujua amevaa nguo ya nani, ya mke au ya mjane.

Jumapili, 18 Agosti

Naandika haya kwenye ngazi ya baraza kwa Papa Valère, daftari magotini. Mikono lazima ifanye kitu. Ndani hakuna anayesogea. Mlango uko wazi, nawaona wote.

Niandike toka mwanzo.

Mashua ya Kabimba ilifika asubuhi, ziwa shwari, jeupe kama maziwa. Germain amenyoa, shati limepigwa pasi. Alimsalimu Mama kwa mikono miwili na kuinama, hakumwangalia Lucie hata kidogo, mpaka ikawa kila mtu anaona jinsi asivyomwangalia. Halafu akaja mezani.

Nilikuwa nimekingoja kicheko hicho tangu Juni. Hakikuja. Aliinama, macho sawa na meza, akapita jeshi zima kwa utulivu, mmoja mmoja. Alikaa muda mrefu juu ya vitenge. Akanyanyuka.

— Sasa njo bantu, akasema.

Nilitaka kupiga kigelegele! Wiki zote zile, rangi za kuombaomba, nywele za mbuzi... Nilikuwa na furaha nzima, sina haja ya mchezo tena. Ningesema tuishie pale, tule, tuimbe. Sikusema.

Tulianza. Mwanzoni ilikuwa raha. Abakosti mbili za Omer zilianguka kwenye kilima, akazilalamikia kwa sauti ya karani: hazikuonyesha karatasi. Mkwe wa Basile alinusurika mara mbili, na mara zote mbili Basile alikuwa amegeukia ukutani. Élisabeth alirudisha watu watatu nyuma. Tulikuwa tunaelekea kushinda, jambo ambalo sikumbuki lini lilitokea mwisho.

Halafu kikosi chao kikafika kivukoni. Hakuna njia nyingine kwenye meza ile, nilijua, kila mtu alijua. Mbele yao shati la manjano. Na kwa kanuni, anayeshambulia ndiye anatupa.

Germain aliishika dadu. Akaiweka chini.

— Hapana. Kabimba imeshindwa. Munachukua mechi.

Papa Valère akasema vizuri, heshima kubwa, mechi yetu, na akaanza kukusanya rula haraka haraka kama mtu anayefunga dirisha mvua inakuja. Watu wake Germain hawakulalamika. Lucie alikuwa ameingia na sinia ya chai, akasimama katikati ya chumba. Kwa mara ya kwanza leo Germain akamwangalia, halafu akaangalia mikono yake mwenyewe. Nilielewa, na naandika wazi: angependa kila mtu wa dunia hii amtupie Firmin dadu, isipokuwa yeye.

Mama akainuka kwenye kiti chake.

— Tupa, mwanangu.

Mwanangu! Hajawahi kumwita hata jina.

— Mama, siwezi.

— Unaweza. Miaka yote hii wananihurumiaka. Hata muntu moja hakunitupiaka. Tupa.

Alitupa. Dadu ikagonga kilima, ikaruka nje ya meza. Tuliisikia inakimbia kwenye sementi, inakwenda, inakwenda, mpaka chini ya kabati la Papa Valère. Ikanyamaza.

Kwa kanuni yetu, dadu iliyoanguka sakafuni haihesabiwi. Inarudiwa. Omer alishafungua mdomo aseme, kisha akaniangalia, na wengine wote wakaniangalia, maana mimi ndiye katibu na kanuni ni zangu. Neno moja tu. "Irudiwe." Nilikuwa nalo ulimini.

Lakini Mama alikuwa ameshapiga magoti. Ameweka shavu sakafuni, anachungulia chini ya kabati. Alikaa hivyo muda mrefu. Mtu hahitaji muda ule kuona dadu. Halafu akaingiza mkono mpaka begani, akautoa, kiganja kimefungwa.

Nikamwuliza: — Mama, ni ngapi?

Hakurudi kitini. Amekaa chini, palepale penye vumbi la kabati, ameegemeza mgongo, amenyoosha miguu mbele. Kwetu mama mtu mzima hakai hivyo mbele ya wageni, ila kwa jambo moja, kilio. Labda ni magoti tu. Sakafu ni baridi na magoti yake si mazuri tangu zamani. Ngumi iko juu ya paja, haijafunguka. Halii. Hajalia.

Basile kavua kofia, halafu kairudisha, halafu kaivua. Germain amesimama ukutani. Askari yule bado amesimama kivukoni, hakuna aliyethubutu kumgusa, jua limefika kwake na manjano ile ni ya kufuliwa kweli.

Kwa nini sikusema irudiwe? Nataka kuingia nikae naye na siwezi kunyanyuka.

Lucie ameweka sinia juu ya meza, katikati ya mto. Amepita kizingiti cha heshima, anakwenda kule Mama alikokaa. Anavua viatu —